Kijana Aliyetumwa Mbali na Wenyeji Waliomlea

Mtu wa Goma akisafiri mpaka Kinshasa au Lubumbashi huwaona njiani vijana wawili wawili, wamevaa shati jeupe na tai, na kifuani wana kibao cheusi chenye jina. Wengine ni Wakongo kama sisi. Umri wao haujapita sana miaka 20. Hawana bunduki wala bidhaa za kuuza. Wana kitabu mkononi na hodi mdomoni. Hao ni wamisionari wa Wamormoni. Dhehebu lao, ambalo wenyewe huliita Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lilianzishwa Marekani mwaka 1830 na mtu aitwaye Joseph Smith. Katika nchi yetu lilikubaliwa na serikali mwaka 1986, na mwaka 2019 lilifungua hekalu lake mjini Kinshasa.

Wakristu wengi huuliza: Hawa ni nani? Nani anawatuma wangali wadogo hivi? Na sisi Wakatoliki tuwatazame namna gani?

Juu ya imani jibu liko wazi. Wao hawaukiri Utatu Mtakatifu kama sisi tunavyoukiri, nao wana kitabu kingine wanachokiweka sawa na Biblia. Kwa sababu hiyo mwaka 2001 Roma ilieleza kwamba ubatizo wao si ubatizo ule ambao Kanisa linautambua. Hayo tuyajue, wala tusiyachanganye. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitufundisha pia kumheshimu kila mtu anayemtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Basi leo hatufanyi mabishano ya dini. Twataka kusimulia historia ya kijana mmoja wao, aliyetumwa visiwani akiwa na miaka 15 tu, kisha tuiweke karibu na historia ya vijana wa Kanisa letu waliotumwa visiwani katika karne ileile. Tukizilinganisha tutaona jambo moja lenye faida kwetu sote: kwamba anayetumwa kufundisha hana budi kufundishwa kwanza, na kwamba wale wanaomfundisha mara nyingi husahauliwa.

YATIMA ANATUMWA

Kijana huyo aliitwa Joseph F. Smith. Alizaliwa Novemba 13, 1838, huko Missouri, na siku aliyozaliwa baba yake alikuwa gerezani kwa sababu ya dini yake. Baba huyo, Hyrum, alikuwa ndugu wa Joseph Smith mwanzilishi. Juni 27, 1844, kundi la watu wenye silaha liliwavamia ndugu hao wawili katika gereza la Carthage, likawaua wote. Mtoto alikuwa na miaka mitano.

Miaka minne baadaye, mama mjane alifunga ng'ombe kwenye magari, akasafiri na watoto wake kuelekea magharibi, mpaka bonde la Ziwa la Chumvi, ambako Wamormoni walikimbilia. Mtoto wa miaka tisa aliongoza ng'ombe safari nzima. Mwaka 1852 mama naye akafa. Sasa kijana alikuwa yatima kamili, mwenye miaka 13, tena mwenye hasira nyingi. Alifukuzwa shuleni kwa kupigana na mwalimu aliyetaka kumchapa dada yake mdogo.

Wakubwa wa dhehebu lake wakafanya shauri la ajabu. Katika mkutano wao wa Aprili 1854 wakamtaja jina mbele ya watu wote: atakwenda misioni, tena mbali, katika visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Je, huyu angehubiri nini? Shule hakumaliza, lugha ya huko hakuijua hata neno moja, na fedha hakuwa nazo. Alipofika California ilimbidi kufanya kazi ya kupasua vibao vya kuezekea nyumba ili apate nauli ya meli. Septemba 27, 1854, baada ya karibu wiki tatu baharini, alishuka Honolulu. Bado hakuwa ametimiza miaka 16.

VISIWA VILIVYOKUWA VIKILIA

Inatupasa kujua nchi aliyofikia ilikuwa ya namna gani. Hawaii wakati huo haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Ilikuwa ufalme, wenye mfalme wake na sheria zake. Mfalme Kamehameha wa Kwanza aliviunganisha visiwa vyote mwaka 1810. Wapastori wa Kiprotestanti kutoka Marekani waliingia mwaka 1820. Mapadre wetu wa Shirika la Mioyo Mitakatifu walifika mwaka 1827, wakafukuzwa mwaka 1831, nao Wakatoliki wenyeji waliteswa mpaka mwaka 1839, mfalme alipowapa watu wote ruhusa ya kufuata dini yao. Wamormoni wa kwanza waliingia mwishoni mwa mwaka 1850.

Lakini ufalme huo ulikuwa katika kilio. Tangu nahodha Mwingereza James Cook alipofika huko mwaka 1778, meli za wageni zilileta maradhi ambayo wenyeji hawakuyajua. Watu wakafa kijiji baada ya kijiji. Katikati ya karne ya 19 wenyeji walikuwa wamebaki kama elfu sabini tu, na mwaka 1853, mwaka mmoja kabla ya kijana wetu kufika, ndui iliua maelfu wengine. Sisi tuliokaa Goma mwaka 1994, tulioona kipindupindu kikiwamaliza wakimbizi kwenye mawe ya volkano, twaweza kufikiri kidogo hali yao ilivyokuwa.

Basi, watu hao waliokuwa wakizika jamaa zao kila wiki walimwona mtoto mgeni akishuka, mnyonge, hana kitu. Wakafanya nini? Wakampokea.

MAMA MANUHII

Alipelekwa kisiwa cha Maui, upande wa Kula, kwenye miteremko ya mlima mkubwa wa volkano. Haikupita muda akashikwa na ugonjwa mkali. Mwanamke mmoja wa Kihawaii, aitwaye Manuhii, alimtunza kama mwanawe aliyemzaa. Wenyeji wakalibadili jina lake likae vizuri katika ulimi wao: wakamwita Iosepa.

Alikaa katika nyumba zao za nyasi, akalala juu ya mikeka yao. Chakula chao kikubwa kilikuwa poi. Hiyo hutengenezwa kwa magimbi, ambayo huku Kivu wengi huyaita mateke: huchemshwa, hutwangwa sana, huchanganywa na maji, kisha huliwa kwa vidole kutoka chungu kimoja, kama sisi tulavyo bugali pamoja. Mgeni asiyezoea huona shida kuimeza. Lakini mgeni akikataa chungu, amekataa na nyumba. Iosepa aliizoea poi, akaipenda mpaka uzee wake.

Na lugha je? Wamormoni husimulia kwamba baada ya siku kama mia moja alikuwa akihubiri kwa Kihawaii. Mwenyewe alisema ni zawadi ya Mungu pamoja na bidii ya kujifunza. Sisi twaweza kuongeza la tatu: alikuwa mtoto mgonjwa ndani ya nyumba ya mama asiyejua lugha nyingine. Katika nyumba ya namna hiyo, kuomba maji ni somo, kushukuru ni somo, na kuitwa uje ule ni somo. Hakuna shule ya lugha inayoishinda hiyo.

Baada ya muda akapewa madaraka juu ya waumini wa Maui, kisha wa visiwa vingine, akiwa bado hajaota ndevu. Umaskini haukumwacha. Husimuliwa kwamba moto uliteketeza nyumba iliyokuwa na vitu vyake, naye na mwenzake wakabaki na suti moja. Mmoja akienda ibadani, mwingine alibaki kitandani akingoja zamu yake. Mwaka 1857 aliitwa kurudi kwao. Aliondoka karibu na miaka 19, hasira yake imepoa, amekuwa mtu mzima. Wakubwa walimpeleka Hawaii ili awabadilishe Wahawaii. Lakini Wahawaii ndio walioanza kumbadilisha yeye.

Miaka ikapita. Mwaka 1901 akawa mkuu wa Wamormoni wote, akashika kazi hiyo hadi kufa kwake mwaka 1918. Akiwa mzee mwenye ndevu nyeupe alikwenda tena Hawaii, na rafiki aliyefuatana naye ameandika waliyoyaona bandarini Honolulu. Watu wengi walikuja kumpokea mkuu wao, na mashada ya maua. Katikati yao akaja mwanamke mzee sana, kipofu, akishikwa mkono, akiita: Iosepa, Iosepa. Mkuu yule aliwaacha watu wote, akamkimbilia, akamkumbatia na kumwita mama. Alikuwa ni Manuhii. Alikuwa maskini, lakini hakuja mikono mitupu: alimletea ndizi chache nzuri.

Wasomaji wapenzi, mtu yule alikuwa na wafuasi laki kadhaa, lakini mbele ya kipofu mwenye ndizi alirudi kuwa mtoto mgonjwa wa miaka 15. Hakuona haya kwa deni lake. Hilo twaweza kulisifu bila kukosa imani yetu hata kidogo.

JOSEPH MWINGINE, KATIKA VISIWA VILEVILE

Tusifikiri kwamba mambo hayo ni ya Wamormoni peke yao. Mwaka 1864 meli kutoka Ujerumani ilileta Honolulu kijana mwingine aitwaye Joseph. Huyo alikuwa Mkatoliki, Mflandri wa Tremelo huko Ubelgiji, nchi ambayo watu wa Kongo twaijua kwa mema na kwa mabaya. Kwao aliitwa Jozef De Veuster. Katika Shirika la Mioyo Mitakatifu alipewa jina la Damiani. Hakuwa yeye aliyechaguliwa kwenda. Kaka yake, Padri Pamphile, ndiye aliyekatiwa safari, lakini akaugua, na mdogo mtu akaomba kushika nafasi yake. Alifika Machi 19, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, akiwa na miaka 24, akapewa upadre Honolulu Mei 21 mwaka uleule.

Damiani naye alijifunza kwa wenyeji. Miaka tisa alizunguka kisiwa kikubwa cha Hawaii, kwa miguu na kwa farasi, akijenga makanisa kwa mikono yake pamoja nao. Ndipo Mei 10, 1873, akaenda Molokai, kwenye rasi ya Kalaupapa, mahali ambapo serikali iliwatenga wenye ukoma kwa sheria ya mwaka 1865. Siku za kwanza alilala chini ya mti. Alikula nao chungu kimoja, akawafunga vidonda, akawachongea majeneza, akawachimbia makaburi. Mwishoni ukoma ukamshika yeye mwenyewe. Alikufa Aprili 15, 1889, na Oktoba 11, 2009, Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 alimtangaza kuwa mtakatifu.

Hayo wengi mnayajua. Lakini kuna jambo ambalo halisimuliwi sana makanisani. Mwaka uleule wa 1873, mtu mwingine aliingia Kalaupapa akiwa mzima wa mwili. Jina lake Jonatana Napela. Alikuwa Mhawaii wa ukoo bora, zamani hakimu huko Wailuku, kisiwani Maui. Napela alikuwa Mmormoni. Yeye ndiye aliyewapokea wamisionari wa kwanza wa dhehebu hilo, akawafundisha lugha yake, akasaidia kukigeuza kitabu chao kwa Kihawaii. Na kwa sababu ya kuwapokea alipoteza cheo chake. Sasa mke wake, Kitty, alikuwa ameshikwa na ukoma, naye hakukubali kumwacha aende peke yake. Huko Kalaupapa Napela aliwaangalia Wamormoni wagonjwa, na Damiani akawaangalia Wakatoliki. Hawakukubaliana katika imani, lakini walikuwa marafiki, wakasaidiana kazi. Ukoma ukamshika Napela pia, akafa mwaka 1879, miaka kumi kabla ya Damiani.

Tazameni basi. Tukimtaja Damiani, mwenye kuvuka bahari, tumtaje na Napela, mwenyeji. Mmoja aliacha nchi yake kwa ajili ya wagonjwa. Mwingine aliacha heshima na afya kwa ajili ya mke wake na wenzake.

KISIWA KILICHOTUFUNDISHA SISI KUSALI

Mtu atasema: Hawaii ni mbali. Kwetu Goma hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu hata imani yetu ya nchi za maziwa ilipitia kisiwa. Kisiwa hicho ni Unguja.

Desemba 1860, Padri Armand Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na mapadre wawili na masista. Sultani wa wakati huo, Majid, alikuwa Mwislamu, na watu wake ni Waislamu. Hata hivyo aliwaruhusu kukaa mjini, wakafungua matibabu na kuwalea watoto waliokombolewa katika utumwa. Baadaye kazi ikashikwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao mwaka 1868 walivuka na kuanza misioni ya Bagamoyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, siku za Sultani Barghash.

Mei 1878 walishuka hapo Unguja vijana kumi wa shirika jipya, Mapadre Weupe, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algeria. Kanzu zao nyeupe na joho lao vilifanana na mavazi ya Waarabu, kwa sababu Lavigerie aliwaagiza wafanane na watu, wajifunze lugha yao, na wakae pamoja watatu watatu, asiwepo aliye peke yake. Mmoja wao alikuwa Siméon Lourdel, Mfaransa mwenye miaka 24. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliwapokea na kuwasaidia kuajiri wapagazi, ndipo mwezi wa Juni msafara ukaondoka Bagamoyo. Ilikuwa miezi sita ya miguu mpaka Ziwa Viktoria. Padri Pascal, mkuu wa wale waliokwenda Tanganyika, alikufa kwa homa njiani mwezi wa Agosti.

Februari 17, 1879, Lourdel na Bruda Amans walishuka kwa mtumbwi pwani ya Buganda, karibu na Entebbe. Na kwa lugha gani angeanza kuongea na Kabaka Mutesa? Kwa Kiswahili, kwa maana wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekifikisha barazani kwake. Waganda nao walisikia wenzake wakimwita padri kwa Kifaransa, wakaligeuza neno hilo likae katika ulimi wao: wakamwita Mapera. Kama vile Iosepa alivyopata jina jipya Maui, ndivyo Mapera alivyolipata Buganda. Alikufa Mei 12, 1890, akiwa na miaka 36, na hata leo Waganda humwita kwa jina hilo walilompa wao.

Yuko na mwingine tusiyemsahau. Mwaka 1879 alifika pwani hiyo Padri Charles Sacleux wa Roho Mtakatifu, Mfaransa mwenye miaka 23. Alikaa karibu miaka 20 kati ya Bagamoyo na Unguja. Alifanya kazi gani kubwa? Alisikiliza. Aliandika maneno ya mabaharia na wavuvi, majina ya samaki, ya miti na majani, ya sehemu za jahazi, maneno ya Unguja, ya Mombasa, ya Lamu, ya Ngazija. Kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilitoka mwaka 1891, sarufi ya lahaja za Kiswahili mwaka 1909, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, yenye zaidi ya kurasa 1,000, ilipigwa chapa mwaka 1939 na 1941, alipokuwa mzee sana. Alikufa mwaka 1943. Wataalamu wanaitumia kamusi hiyo mpaka leo.

Sasa tuulize: maneno yote hayo alifundishwa na nani? Alifundishwa na watu. Wengi wao walikuwa Waislamu, wengine waliotoka utumwani. Padri aliandika, wao walisema. Jina la mwandishi liko juu ya jalada, lakini majina ya wengi waliomjibu maswali, siku baada ya siku, miaka karibu 20, hayamo.

Wala tusijidanganye kwamba Kiswahili kilifika kwetu Kivu kwa njia ya amani tu. Kilipanda pamoja na misafara ya biashara, nayo misafara mingi ilikuwa ya pembe na ya watumwa. Watu wa Unguja na wa pwani, kama yule Tippu Tip, waliingia mpaka Manyema, Nyangwe na Kasongo, na njia zao zilikuwa na minyororo. Baadaye kikatumiwa na askari wa serikali ya kikoloni na kambi za kazi. Lakini lugha si mali ya mwenye nguvu peke yake. Mama aliyechukuliwa utumwani aliimbia nayo mtoto wake. Mkatekista aliishika akafundisha nayo Baba Yetu. Leo Mhunde, Mnande, Mhavu, Mtutsi, Mhutu na Mshi, wakiketi benchi moja kanisani Goma, hujibu padri kwa sauti moja. Lugha iliyopita katika minyororo, Mungu ameitumia kutuunganisha.

DENI LETU

Historia hii yatufundisha nini basi?

Kwanza, tuwapime waliotumwa kwetu kwa haki. Wapo wamisionari waliokuja na dharau, wakataka tufanane nao katika kila kitu, hao hatuwafichi. Lakini wapo wengi waliokubali kuwa watoto tena: wakakosea maneno mbele ya watu, wakachekwa, wakalishwa, wakauguzwa. Mbegu yao ilishika. Na siku zile walipolala na homa, alikuwapo mama fulani aliyechemsha maji, alikuwapo mtoto aliyewafundisha kusema asante. Katika parokia zetu za Kivu wazee wanaokumbuka habari hizo wanapungua kila mwaka. Vijana wawaulize, waandike majina: nani alikuwa mkatekista wa kwanza wa mlima ule, nani alimpa padri mahali pa kulala usiku wa kwanza. Kanisa Kuu letu la Mtakatifu Yosefu liliteketezwa na lava ya Nyiragongo Januari 2002. Mawe yameungua, kumbukumbu isiungue nayo.

Pili, sisi wenyewe sasa ndio tunaotuma. Kongo haipokei wamisionari tu. Mapadre na masista Wakongo wanafanya kazi katika nchi nyingi, mpaka Ulaya na Amerika. Hata bila kwenda mbali, kijana wa Goma aliyesoma akipelekwa kufundisha au kuuguza kisiwani Idjwi, au Masisi, au Walikale, yeye pia ni mgeni. Asifikiri kwamba kwa kuwa ana diploma na Kifaransa amekwisha kujua kila kitu. Ajifunze Kihavu cha mama anayemuuzia samaki. Ale chakula anachokaribishwa. Akikosea, acheke pamoja nao. Akifanya hivyo kwa mwaka mmoja watu watampa jina lao, na siku hiyo ndipo kazi yake itakapoanza.

Tatu, tuangalie namna tunavyopokea. Mji wetu unajua wageni kuliko miji mingi. Mwaka 1994 watu laki kadhaa waliingia kwa siku chache. Lava ya mwaka 2002 na ya mwaka 2021 ilitufanya sisi wenyewe kuwa wageni mlangoni kwa watu. Vita vimewaleta wenzetu wa Rutshuru na Masisi mara nyingi mno, na godoro kichwani. Katika shida kama hizo moyo huchoka, na mtu huanza kuuliza kwanza: huyu ni wa kabila gani, dini gani, ametumwa na nani? Manuhii hakumuuliza maswali hayo yatima yule. Alikuwa mtu wa taifa lililokuwa likiuawa na maradhi ya wageni. Kama angefunga mlango, nani angemlaumu? Lakini aliona mtoto anayetetemeka kwa homa, akamfunika.

Bwana wetu alisema waziwazi kwamba siku ya mwisho atatuuliza habari za mgeni na mgonjwa. Hakusema atauliza kwanza mgeni huyo alikuwa wa dhehebu gani. Kwa hiyo, vijana wale wa shati jeupe wakibisha hodi kwako, huna lazima ya kukubali mafundisho yao. Shika imani yako kwa nguvu, uieleze kwa upole. Lakini jua linachoma, nao wametembea, tena wako mbali na mama zao. Wape kiti na maji ya kunywa.